Harufu Tuliyoisifu

Juzi, katika zahanati moja mjini Kisii, niliketi karibu na mtunzaji wa bwawa la kuogelea la hoteli, lililo ndani ya jengo. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Wageni huoga kabla ya kuingia?" muuguzi akamwuliza.

"Waoge tena, sista? Si wanaingia majini?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Wakikosa harufu ya klorini, wanasema maji ni machafu. Basi naongeza."

"Baba, klorini katika maji safi hainuki hivyo. Ikikutana na jasho na mkojo wao, hutoa hewa kali. Hiyo ndiyo unayovuta, na madirisha umefunga."

Mzee akainusa mikono yake, kisha akaificha chini ya koti.

"Kanisani nilikuwa naimba besi," akasema taratibu. "Siku hizi nashika kitabu cha nyimbo tu."

Mwaka jana niliwapeleka wajukuu wangu kwenye bwawa lake. Harufu ile iliponipokea mlangoni, nilimshika mkono, nikamsifu kwa usafi. Pale zahanatini hakunikumbuka, nami sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha.