Chai, Hotuba na Askari Mmoja

Siku hizi wananialika kuzungumza harusini na mikutanoni, kuanzia Runyenjes hadi Meru mjini, na vijana huniuliza ni nani aliyenipa nafasi ya kwanza. Huwajibu kwamba nilijipa mwenyewe. Wanadhani natania.

Ilikuwa miaka ya emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani kwa nguvu na kutubana katika kijiji kimoja karibu na Manyatta, kimezungushiwa handaki ambalo sisi wanawake ndio tuliokuwa tukilichimba. Wenzangu walimwomba Mungu awarudishie waume zao kutoka kizuizini. Nami niliomba hivyo hivyo, kisha nikaongeza ombi la pili kwa sauti ya chini: nialikwe mahali, popote, nikahutubu.

Msinicheke. Nilikuwa nimesoma misheni hadi darasa la nne, na Kiswahili changu nilikipiga pasi kila asubuhi. Lakini harusini walihutubu wazee, kanisani mhubiri, barazani chifu. Mwanamke wa umri wangu alihutubia kuku. Nikaona nikingoja mwaliko nitazeeka na maneno yangu tumboni.

Basi nikatangaza kwamba kila Alhamisi, baada ya kazi ya lazima, kutakuwa na chai kwangu, pamoja na somo la usafi wa nyumba. Watu hawakuruhusiwa kukusanyika ovyo, kwa hiyo nilikwenda kwa chifu kuomba kibali. Alinipa, na masharti juu: askari mmoja ahudhurie, na kila neno lisemwe kwa Kiswahili. Askari mwenyewe alikuwa Mmeru wa pande za Muthara. Kiembu chetu alikielewa nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomtia wasiwasi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Askari alielewa kila kitu na alitaka kulala. Wanawake walikuwa macho, wakinywa chai, na wengi hawakuelewa kitu. Nilijifunza kazi kwa kumtazama askari usoni. Macho yakianza kulegea, nilipandisha sauti. Yakifumba kabisa, niligonga meza. Alhamisi moja nilieleza habari za nzi kwa urefu mpaka akainua mkono.

"Mama," akasema kwa heshima, "hawa nzi wataisha saa ngapi?"

Nilikasirika wiki nzima, lakini tangu siku hiyo nilijua kufupisha. Polepole akaanza kucheka, na wanawake wakacheka kwa kumfuata. Jirani yangu pekee hakucheka. Huyo alikaa karibu na mlango akimenya maharagwe, hasemi lolote. Nilimhurumia, nikawa nikimweleza mambo taratibu, kama mtu anayemfundisha ndama kunywa maji.

Sifa zangu zikamfikia chifu. Jumatatu moja alikuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Mama, nasikia unajua kuongea," akasema. "Jumamosi iko baraza. Wewe ndiye utaambia akina mama wachimbe handaki hata Jumapili. Wewe watakusikia."

Mwaliko wangu wa kwanza! Furaha ilinipanda kabla hajamaliza kusema, na alipomaliza ikakataa kushuka upesi. Jumapili ilikuwa siku yetu pekee ya kusali, kuosha watoto na kunyoosha mgongo. Nikisema maneno yale, hakuna mwanamke ambaye angekanyaga kwangu tena, na wangekuwa na haki. Nikikataa waziwazi, kibali kingekwenda, na huenda nami ningemfuata mume wangu kizuizini. Niliogopa sana. Jumanne nilimnong'onezea jirani habari ile mtoni, nikijua kwamba kwake haitatoka, kisha nikapoteza sauti.

Niliipoteza kwa ustadi. Nilifunga kitambaa shingoni na kujibu salamu kwa mikono. Jumatano askari alitumwa kuja kuniangalia, akanikuta nikimtukana mbuzi aliyeingia kwenye unga, yeye na ukoo wake wote. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa sauti, mama," akasema, akaenda zake.

Alhamisi nilidhani hakuna atakayekuja. Walikuja wote. Niliwamiminia chai nikionyesha koo langu. Ndipo jirani yangu alipoweka maharagwe chini, akaenda kusimama pale pangu, karibu na meza, akamgeukia askari.

"Afande, sikia. Sisi nachimba hii handaki Jumatatu mpaka Jumamosi. Watoto nalala na matope. Jumapili hapana. Jumapili ni ya Mungu na ya kuosha watoto. Enda ambia chifu hivyo. Usiseme ni akina mama. Sema ni mimi."

Akarudi kukaa. Alipoyachukua tena maharagwe yakamwagika, na hakuna aliyeyaokota. Nilimhofia. Pia, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Nzi wangu wote hawakuwahi kumfanya askari yule akae wima namna ile. Tena nilikuwa na masahihisho ya kumpa, maana alianza bila hata kuwasalimu wageni, na koo langu la uongo halikuniruhusu kutamka neno.

Askari alivaa kofia akatoka, chai yake ikabaki nusu. Usiku ule na uliofuata sikupata usingizi, nikisikiliza kama watakuja kumchukua. Jumamosi chifu alituhubiria panya, funza na vyoo hadi jua likatuchoma. Habari ya Jumapili hakuigusa. Kesho yake filimbi ya kazi haikulia. Kijiji kizima kilinuka sabuni, watoto wakilia kila mlango kwa kusuguliwa.

Sauti yangu ilirudi Jumatatu. Nikatayarisha hotuba ndefu juu ya ujasiri, tamu kweli, na Alhamisi nikasimama mbele ya meza, nikakohoa kidogo, nikafungua mdomo.

Askari akainua mkono.

"Mama, wewe ngoja kidogo," akasema. "Aanze yule."

Wanawake wote walikuwa wamekwisha kugeuka kutazama mlangoni. Nikaketi, nyumbani kwangu mwenyewe, nikangoja zamu yangu.