Kiapo cha Kaka na Wajerumani

Kaka yangu mkubwa ana ulimi unaotangulia kichwa. Idi ile, nyumbani kwake Hayes, pilau ikiwa bado mezani, alikuwa akimtania mchumba wa mdogo wetu wa kike. Kijana yule alisoma Ujerumani kabla ya kuja London, na huko akapata maradhi ya kushabikia klabu moja ambayo haikuwahi kuchukua ubingwa wa ligi tangu ianzishwe.

"Timu yako inachumbia kombe kila mwaka," kaka akamwambia, "halafu mwingine ndiye anayelioa."

Tulicheka sote. Mchumba naye akacheka, akasema ipo siku. Hapo kaka, vicheko vimemnogea, akainua kidole: "Wallahi, siku hiyo ikifika ndiyo nitakuozesha dada yangu. Kabla ya hapo usiniulize!"

Mimi sikucheka tena. Baba yetu alishafariki, na kaka ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha. Posa ilikuwa imeshapokelewa, siku tu ndiyo haijapangwa, na sasa mtu mzima ameifunga ndoa ya dada yake kwenye miguu ya wacheza mpira.

Nilidhani kukicha ataona haya, atatoa kafara ya kiapo, alishe maskini, mambo yaishe. Nilimpigia simu nikitoka shifti yangu hospitalini.

"Kaka, lisha maskini tumwoze mtoto."

"Nimeapa mbele za watu," akajibu. "Mwanamume ni neno lake."

Nikamwambia mwanamume ni akili pia. Akakata simu, nami nikamlaani kimoyomoyo hadi nikashuka basi.

Mdogo wangu naye ana kichwa kigumu cha ukoo huohuo. Nilimshauri aende kwa sheikh, labda atapatikana mtu mwingine wa kumwozesha. Alikataa katakata. "Kaka ninaye," alisema. "Siolewi kama mtu asiye na kwao." Akaendelea kukaa kwenye chumba chake cha kupanga Thornton Heath, gauni la harusi likining'inia nyuma ya mlango ndani ya mfuko.

Msimu mpya ukaanza, na mimi, niliyekuwa sijui hata kona ni nini, nikawa mshabiki wa Wajerumani. Wakashinda, wakashinda tena, wakatoka sare. Walikuwa na tabia moja ya kunitoa roho: wanafungwa mpaka dakika za nyongeza, watu wameshaanza kutoka uwanjani, ndipo wanasawazisha. Nilikuwa nikichungulia matokeo kwenye simu kazini, chooni, kwenye treni. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, niliwaombea marehemu wetu, niliwaombea wagonjwa wangu, kisha nikaombea magoti ya golikipa wa Kijerumani. Mungu anisamehe, lakini niliomba kwa dhati.

Kaka hakugusia mpira hata mara moja. Ila wikendi alasiri alikuwa hashiki simu, na mimi nikaamini ananikwepa.

Idi ikapita. Jumapili iliyofuata, mechi kadhaa zikiwa bado zimebaki, hesabu ilikuwa wazi: wakishinda siku hiyo, hakuna wa kuwafikia. Mimi, mdogo wangu na mchumba wake tukaenda Hayes bila kualikwa, tumebeba sambusa. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyetufungulia. Kaka alikuwa ameshakaa mbele ya televisheni, tasbihi mkononi, miguu peku.

"Karibuni," wifi akasema. "Ndivyo anavyokaa mwaka mzima. Hajapitwa na mechi hata moja."

Bao la kwanza likaingia, hakuna aliyethubutu kushangilia. La pili nalo likaingia, kaka akazidi kuvuta tasbihi. Tulianza kupumua magoli yalipokuwa mengi kiasi cha kumwonea huruma mpinzani. Filimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki walijaa uwanjani, mdogo wangu akajifunika uso na mtandio, na mimi nikahisi mabega yangu yanashuka baada ya mwaka mzima kukaa karibu na masikio. Alhamdulillahi, nilisema, na nikairudia.

Kaka alikuwa chini kwenye zulia, amesujudu. Alikawia kuinuka. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nimechoka," alimwambia mdogo wetu. "Baba alikuacha mikononi mwangu, mimi nikakuweka miguuni mwa watu hata salamu yao siijui. Kila walipofungwa nilimwona baba ananitazama."

"Sasa si ungetoa kafara, kaka?" nikauliza.

"Kila wiki niliona haya kuliko wiki iliyotangulia."

Mdogo wangu alishusha mtandio. Sikuona hasira usoni mwake, uchovu tu.

"Wajerumani wamemaliza kazi yao, kaka," alisema. "Imebaki yako."

Kaka akafuta uso kwa kiganja, akamnyooshea mchumba mkono, akamwuliza Ijumaa ina ubaya gani.