Furushi la Vitenge Pale Kigongo

Mimi ndiye niliyelitupa ziwani lile furushi la vitenge. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekana, hata mbele ya mchungaji, na mpaka leo harufu ya dizeli ikichanganyika na ya dagaa hunifanya nishindwe kutulia kitini.

Nyumbani kwetu Igogo neno "magendo" lilikuwa na kazi nyingi. Lilianza na bidhaa zilizovushwa mpakani kimyakimya, kisha mama akalipanua: kulamba sukari ya wageni, magendo, kupaka rangi ya kucha, magendo, kucheka kanisani, magendo makubwa. Ilipofika miaka ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa na vitenge vilitundikwa sokoni mchana kweupe, lakini mama, mwalimu mzima, bado alificha sabuni uvunguni na kunong'ona alipoitaja.

Siku ya furushi hilo tulipanda kivuko pale Kigongo kwenda Busisi na vitenge vya sare za harusi ya shangazi, dada yake baba. Vilinunuliwa kwa halali, na risiti juu. Hata hivyo mama alivifunga ndani ya gunia la dagaa na kuliweka nyuma yake. Tulikuwa hatujafika katikati ya maji nilipomwona askari akipenya kati ya abiria, macho kwetu tu. Mama akakaza kanga. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilishamwona mama gerezani. Gunia lilikuwa limegusa mguu wangu, ukingoni, penye uwazi chini ya mnyororo. Nikalisukuma.

Askari akafika, akavua kofia. "Shikamoo mwalimu! Umenisahau? Ulinifundisha darasa la nne."

"Marahaba," mama akajibu, kwa sauti ndogo sana.

Harusini kila mwanamke alivaa gauni lake, na shangazi hakusamehe. "Wifi alisinzia kivukoni, sare zangu zikapotea!" alisema kila Krismasi, na mama aliinamia sahani yake. Nikiulizwa, sikuona kitu. Nilikwenda chuo kikuu, nikasoma maadili, nikafaulu vizuri, nikaendelea kukana.

Mwezi uliopita nilivuka hapohapo kwa gari, juu ya daraja jipya, dakika chache tu, bila dizeli wala dagaa. Badala ya kutulia, nilihangaika zaidi. Nilipofika ng'ambo nikaegesha, nikampigia mama, nikakiri yote.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, gunia nililiweka nyuma yangu. Unadhani lilifikaje mguuni kwako?"

"Mama!"

"Nililisogeza kwa kisigino. Na shangazi yako asijue. Hayo ni magendo."