Kilima Nilichokiona Nikiwa Ofisini

Naungama mwenyewe, maana kijiji kizima kinajua tayari. Mimi ni mchora ramani wa Shinyanga, na miguu yangu haipendi vumbi. Wachimbaji dhahabu wa kijiji kimoja huko Geita walipotaka mahali pa juu pa kujenga tangi, ili maji yateremke yenyewe, nilipakua picha za anga na vipimo vya mwinuko vilivyowekwa mtandaoni bure kwa kila mtu. Nikaona kilima kizuri. Nikakitia alama nyekundu, nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Mwenyekiti akauliza kama nimefika pale.

"Mzee, picha haidanganyi," nikamjibu.

Siku ya ujenzi nilikuta lori limeshashusha tofali kwenye uwanja tambarare, mbuzi wanakula majani. Nikazungusha simu, nikasogea kushoto, nikarudi. Watu wote wananitazama.

"Shikamoo, mama," nikamwambia Mama Kulwa, mwenye nyumba ya jirani. "Hapa si palikuwa na kilima?"

"Marahaba, mwanangu. Lilikuwa rundo la marudio yangu, mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ila wenye mitambo bado huununua. Hicho kilima chako nilishakiuza mwaka jana."