Mkwe Katika Genge Langu

Nilikuwa nyapara wa watu thelathini, na ulimi wangu mmoja sikuweza kuutawala. Leo nalisema hili kwa urahisi. Wakati ule, miaka ya vita, tulipokuwa tukisawazisha ardhi ya uwanja wa ndege upande wa Port Reitz, mtu angeniambia maneno hayo ningemtukana yeye na ukoo wake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mawe. Genge langu liliyavunja, likayapakia kwenye toroli za reli, likazisukuma hadi panapomwagwa. Mimi sikuketi. Tangu filimbi ya asubuhi hadi ya jioni nilizunguka, fimbo kwapani, nikimtukana huyu kwa uvivu wake na yule kwa haraka yake. Niliamini kwamba nikinyamaza toroli zitasimama. Karani alinisifu kwamba genge langu halilali, nami sifa hizo nikazipeleka nyumbani Changamwe pamoja na kelele zake.

Siku moja mke wangu alinipakulia sima ikiwa mbichi katikati. Nilikuwa na njaa, sawa, lakini njaa haisemi. Niliyoyasema niliyasema mimi, na katika kuyasema nikamtaja mama yake mzazi kwa neno ambalo kwetu halitamkwi hata kwenye ugomvi wa sokoni. Mke wangu alimaliza kuosha sufuria, akakunja kanga zake, akaenda kwao Rabai. Sikumzuia. Nilidhani atarudi Jumapili.

Jumapili tatu zikapita. Ndani hamkaliki, nje hakukaliki. Nikienda kisimani nasahau ndoo. Nikifika njia panda nasimama kuitazama njia ya Rabai, kisha naona haya, naondoka, halafu narudi tena. Moyo uliniambia nenda kaombe radhi, miguu ikakataa. Ningeingiaje kwao? Na je, amewaambia neno nililosema?

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya genge kuita majina, nikamwona baba mkwe wangu mstarini, sururu begani. Karani alikuwa amemwandika alfajiri ile pamoja na wengine wapya.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kazi yaendaje?"

"Yaenda, baba."

Basi. Hakusema amefuata nini, na mimi ni nani wa kumuuliza mkwe?

Kwetu mkwe haitwi kwa jina lake, wala tusi halitamkwi masikioni mwake. Sasa unyapara wangu wote ulikuwa mambo hayo mawili, kuita majina na kutukana. Nilipofika kwenye jina lake nikaliruka. Karani, ambaye alikuwa mtu wa bara, akamwandika kwamba hayupo. Nikamfuata mbio.

"Yupo, bwana."

"Yupo nani?"

"Yule mzee."

"Mzee nani? Hana jina?"

Genge zima likaangua kicheko, na baba mkwe akatazama chini. Tangu siku ile kazi ya kuita majina nilimpa mtu mwingine, nikajifanya koo linaniuma.

Koo haliumi, lakini limejaa. Mtu akiangusha karai la mawe, tusi lanijia hadi kwenye meno, namwona yule mzee ameinama na sururu yake, nalimeza. Nikawa natembea zaidi ya zamani. Fimbo yangu niliitafuna ncha ikawa kama mswaki. Nisiseme uongo, nilimchukia. Niliomba ahamishwe, niliomba augue homa kidogo tu arudi kwao. Na kwa kuwa siwezi kupiga kelele, ilinibidi nimsogelee mtu nimwambie taratibu, "Wewe shika huku, mimi nishike kule." Toroli hazikusimama. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mwezi ulipokwisha mzee aliacha kazi. Mvua zilikuwa karibu, naye ana shamba. Aliniaga kwa maneno mawili: "Njooni Jumapili."

Nilikwenda na mshenga wangu, maana ukweni mtu hajisemei. Mshenga akaomba radhi kwa niaba yangu, akazunguka weee, hata akafika. Baba mkwe akajibu kwamba binti yake hakuwaambia kosa lenyewe, alisema tu amechoka na mdomo wa mumewe.

"Nikaona niende nikasikie mwenyewe," mzee akasema. "Mwezi mzima sikusikia tusi hata moja."

Kumbe hakujua! Neno lile mke wangu alilificha ili mama yake lisimfikie, na mama mwenyewe alikuwa amekaa pale ananikaribisha maji. Nilipatwa na aibu nikatazama vidole vya miguu yangu. Lakini hata na aibu ile, kichwa kikiwa chini, furaha ilishaanza kunipanda. Nimeshinda.

Ndipo mke wangu akaitwa, akaulizwa. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akasema kwa upole, "Baba, huyu alikuwa akikuona wewe. Mimi naishi naye wakati wewe hupo. Kurudi nitarudi, lakini sitaki kupelekwa wala kuchukuliwa. Nitakwenda mwenyewe, siku nitakayoona mimi."

Njia nzima ya kurudi nilimtukana mke wangu kimoyomoyo. Nilipofika Changamwe nilikuwa nimechoka kwa matusi ambayo hakuna aliyeyasikia.

Kesho yake toroli ilitoka relini, mawe yote yakamwagika. Aliyekuwa akiisukuma akasimama kando, akaninyooshea shingo kama kuku, akingoja. Wote walijua mkwe ameondoka. Tusi lilikuwepo, tena zito, limekaa mwezi mzima.

"Haya," nikasema, "tuinyanyue."

Nikageuka kutazama kama yuko mtu wa Rabai aliyeona, atakayekwenda kusema. Hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wameinama wanaokota mawe.

Nikaendelea hivyo, nikitazama njia kila jioni. Siku nyingine nilishindwa. Muuza maji mmoja nilimtukana hadi akaacha kupita mlangoni kwangu, na usiku huo sikula. Siku nyingine nilishinda, na kila niliposhinda nililiweka jambo hilo kichwani ili nije kumwambia mke wangu.

Alikuja Jumamosi mchana, mzigo kichwani. Sikungoja hata aingie. Nilisimama mlangoni nikaanza kumhesabia: toroli iliyoanguka, mpishi aliyeunguza maharagwe, jirani na mbuzi wake, siku gani nilinyamaza na kwa nini.

Alinisikiliza kidogo, akasema, "Hayo ni yako, usinihesabie mimi. Nipishe nitue mzigo, shingo yaniuma."

Nikampisha.