Maneno Ambayo Mwigizaji Hakuyasema

Nimechoka na huyu mwigizaji. Niseme hivyo mapema, usije ukadhani nitamsifu. Kwa miaka tisa nimeandika juu ya filamu zake katika gazeti la Kiswahili, kila filamu mara mbili: kwanza inapoonyeshwa katika jumba la sinema mjini, halafu inapofika huku mtaani na watu kuitazama majumbani mwao. Uso wake naujua kuliko wa mume niliyeachana naye. Najua hata anavyovuta pumzi kabla ya kumpiga mtu ngumi. Wacha tu, nimechoka.

Kazi inayonilisha ni ukarani katika godauni moja kule Industrial Area, Nairobi. Kutwa nahesabu katoni za sabuni, natia sahihi, naulizwa kwa nini hii imeloa, utadhani mvua ni mimi niliyeileta. Huko mimi ni "wewe karani". Ile safu ya Jumamosi ndiyo mahali pekee jina langu linapoandikwa kwa herufi nzito, na kwa sababu yake watu wa soko la Jericho hunisimamisha kunisalimia na kubishana nami juu ya filamu. Sina kingine cha kujivunia. Kwa hiyo nilipoambiwa safu inaweza kuondolewa, nilikuwa tayari kufanya lolote ibaki.

Lakini kwanza fundi. Fundi ana kibanda karibu na hilo soko. Anatengeneza televisheni na redio, na pembeni anauza filamu. Filamu za yule mwigizaji ni za Kihindi, na huku kwetu nani anajua Kihindi? Fundi huzitafsiri mwenyewe. Hujifunika blanketi kichwani ili kelele za sokoni zisiingie, akashika maikrofoni, akaongea juu ya filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, sauti zote yeye: stelingi, yule shujaa mwenyewe, majambazi, mama mkwe, mpaka mtoto mchanga akilia. Ukimpelekea flashi yako, anakuwekea, unaenda kutazama nyumbani. Alisema Kihindi alikipata alipokuwa akiwafanyia kazi Wahindi wanaouza spea. Sote tuliamini. Mtu amekufufulia televisheni iliyokufa, utamwuliza nini tena?

Sasa sikiliza ujinga wangu. Sinemani yule mwigizaji huongea kidogo sana. Chini ya skrini maandishi ya Kiingereza hupita mbio, madogo, na macho yangu si ya jana. Kuna filamu ambamo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi na kukuta mama yake amekufa. Sinemani alisimama mlangoni, maandishi yakasema, "Nimechelewa." Basi. Miezi michache baadaye nikaitazama sebuleni kwangu, na pale pale mlangoni akasema, "Mama, nimekuletea sukari kilo mbili. Sasa chai nitamnywesha nani?" Jameni, nililia. Nilikuwa nimemzika mama yangu mwaka huo huo.

Badala ya kujiuliza imekuwaje, nikaunda nadharia. Niliandika kwamba yale maandishi ya Kiingereza ni muhtasari wa watu wavivu. Niliandika kwamba majumba ya sinema hukata maneno mazuri ili filamu iishe mapema. Niliandika, na hili ndilo linaloniunguza hadi leo, kwamba mwigizaji huyu sinemani ni mwanamume mzuri tu, ila nyumbani ni msanii. Aki ya Mungu niliandika hivyo, nikalala usingizi mnono. Na si mara moja, ni kila filamu iliyotoka.

Mwaka jana mhariri akaniita. Kurasa zilikuwa zinapunguzwa, na safu moja ya burudani ilikuwa lazima iondoke, yangu au ya muziki. Yule mwigizaji alikuwa karibu kutoa filamu kubwa kuliko zote. "Niandikie filamu zake zote," mhariri akasema, "sinemani na nyumbani, kwa ukurasa mzima. Ukifanya vizuri, unabaki."

Nilichukua likizo godauni nikazitazama upya zote kumi na nne, pazia limefungwa, uji umepoa mezani. Nikanukuu kauli nane nilizozipenda kuliko zote. Ukurasa ulipotoka nilipigiwa simu na watu nisiowajua. Hata msimamizi wangu wa godauni alinitazama kama mtu kwa dakika mbili hivi.

Kisha ikaja barua ya msomaji. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, anayesoma gazeti letu kila wiki. Aliandika kwa adabu tele. Alisema filamu hizo amezitazama na wajukuu wake, na Kihindi ndiyo lugha aliyoinyonya kwa mama yake, na kati ya kauli zile nane hakuna hata moja iliyomo. Aliuliza tu kama mwandishi angeweza kumweleza alizitoa wapi. Mhariri aliniwekea barua mbele, hakuketi. "Jumatano nataka jibu," alisema. "La sivyo nitajua safu ipi inaondoka."

Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja hadi kibandani, miguu ikiniuma.

"Fundi, wewe unajua Kihindi?"

Alikuwa akichungulia ndani ya redio, hakuinua kichwa. "Najua bei za spea."

"Na zile filamu zote?"

"Naangalia nyuso zao. Mtu akikasirika unaona. Akiachwa na bibi unaona. Hayo mengine natafuta mwenyewe."

"Na ile ya sukari?"

Hapo akaweka chini chuma cha kulehemu. "Hiyo ni yangu," akasema. "Nilishuka nyumbani Kitui na sukari ya mathe, mama yangu, mkononi, nikapata watu wamekaa nje kimya. Sasa huyo jamaa wa filamu naye amesimama hapo mlangoni, hasemi kitu. Nikaona, ai, huyu akikaa hivi bila kusema, atapasuka."

Nilimjia juu. Nilimwambia ameniacha nijiaibishe mbele ya mji mzima miaka yote hiyo, na alikuwa akinisoma kila Jumamosi, kwa nini hakunivuta kando hata siku moja akaniambia? Muuza mitumba wa jirani aliacha kazi kututazama. Fundi alingoja mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Ulikuwa unanisifu," akasema. "Mwandishi, hapa watu huniletea redio na malalamiko. Nani mwingine amewahi kunisifu? Uliandika ati sauti yake ina uchovu ambao mtu hawezi kuuiga. Nilimsomea bibi yangu hiyo. Nikamwambia, huyu ni mimi."

Hasira ikaniisha, sijui ilikwenda wapi. Tukanywa soda tumesimama. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayeomba kitu kikubwa, "Sasa si uandike ukweli? Andika ni mimi. Andika majina yangu yote matatu." Nikampa mkono. Nikamwambia nitaandika.

Na niliandika, wallahi, nisionekane mwongo. Niliandika juu ya blanketi, na wauzaji wa spea, na mama wa Kitui, na majina yote matatu. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Mhariri alisoma akacheka, akasoma tena, halafu akachukua kalamu. Filamu ni za wenyewe, akasema, na huyu bwana anaziuza bila ruhusa. Tukimtaja, kesho polisi wako kibandani, na keshokutwa sisi tuko kortini. Akapiga mstari, ukurasa baada ya ukurasa.

Ningeweza kumwambia, ngoja nikamwulize mwenyewe kama anaogopa polisi. Ningeweza kumwambia, basi chukua na safu yako. Yote mawili yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, na asubuhi kulikuwa na katoni zikinisubiri, na niliitaka ile safu, niliitaka kwa roho yangu yote. Nikasema, "Sawa."

Jumamosi ilitoka mistari mitatu. Kwamba baadhi ya maneno yaliyonukuliwa hayamo katika filamu. Kwamba yalitungwa na mtafsiri mmoja wa mtaani asiyejulikana. Kwamba mwandishi anaomba radhi. Safu ya muziki ikaondolewa, yangu ikabaki.

Kumweleza fundi sikwenda. Kwa majuma kadhaa nilipita barabara ya nyuma nikitoka kazini, nikajifanya ninanunua mboga upande ule. Niliona haya, ndiyo ukweli. Lakini ile filamu kubwa ikatoka, nikaiandika ya sinemani, na baada ya muda mhariri akaanza kudai ya nyumbani. Jumapili moja baada ya kanisa nikajikaza nikaenda.

"Karibu, mteja," fundi akasema.

Mteja. Akapokea flashi yangu, akaichomeka, tukangoja. Aliponirudishia akasema, "Hii yako ni safi. Haina mtu ndani."

"Na za watu wengine?"

"Za wengine nimetia sauti."

Nikaanza kumweleza mambo ya polisi na korti, kwamba kukata jina lake ilikuwa ni kumkinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Uliniuliza?" akasema.

Nikaitia flashi mfukoni. Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa na pasi mbovu, akamwuliza imeanza lini.

Nilifika nyumbani kwangu mtaa wa Kaloleni nikajipikia chai, nikakaa mbele ya televisheni na daftari langu. Mwigizaji akatokea, mzuri kama kawaida yake. Akafungua mdomo, maneno nisiyoyajua yakatoka, maandishi madogo yakapita. Nikaandika mistari miwili nikaikata. Karibu na katikati, majirani zangu wa ukuta mmoja nao wakawasha yao, na nikamsikia fundi. Alikuwa stelingi, akawa mama mkwe, watoto wakaangua kicheko. Baadaye kidogo kicheko kikakatika, na nyumba ile yote ikatulia ikimsikiliza.

Nilizima sauti ya kwangu. Nikasogeza kiti hadi ukutani, nikaweka sikio. Uchovu ule wa sauti yake niliusikia vizuri kabisa. Maneno aliyokuwa akisema sikuyapata.