Siku Mama Alipolitaja Jina la Mkwe

Mama yangu, Sekela, hakumwogopa chui wala karani wa Mwingereza. Alimwogopa baba mkwe wake, na si kwa ukali, maskini, mzee mwenyewe alikuwa mpole. Aliogopa jina lake. Kwetu Ikinga, enzi hizo, mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, na jina lake halimtoki kinywani hata kwa bahati mbaya. Akilitaja ana mimba, walisema, mimba inaharibika. Karani wa kuandika watu alipomuuliza mwenye mji ni nani, Mama aliinama akanyamaza hadi karani akamfokea. Afoke tu!

Basi, mwaka wa nzige, mimi nikiwa tumboni mwezi wa saba, Mama alikwenda mtoni asubuhi kwa njia ya mzunguko. Ukungu ulikuwa mzito. Alipokuwa akirudi kwa njia ya mkato, akakuta mvua ya usiku imeibomoa. Limebaki genge refu kushinda nyumba. Akiwa upande wa chini na mtungi wake kichwani, akasikia fimbo upande wa juu: ko, ko, ko. Akaijua. Babu Anyelwisye, yule baba mkwe wake, ambaye macho yalikuwa yamekwisha, anateremka. Mama akapaza sauti:

"Simama! Njia imekatika!"

Loo! Wanawake wa mtoni hupigiana kelele kutwa. Babu hakudhani anaambiwa yeye. Ko, ko. Mtungi ukamwanguka Mama. Akashika tumbo kwa mikono miwili. Aliniambia, "Mwanangu, nilikuomba radhi kwanza." Kisha akaita:

"Anyelwisye! Anyelwisye, simama!"

Fimbo ikanyamaza. "Nani?" babu akauliza. Mama alijibanza kwenye majani akalia, akingoja tumbo limuume.

Jirani yetu Ketrina alisikia, na Ketrina hakuwa na kifua. Jioni ukoo mzima ukakaa kuuliza nani alilitaja jina. Babu akakohoa.

"Mimi. Ukungu ulikuwa mzito, nikajiita nijue kama bado nipo."

"Kwa sauti ya kike?" Ketrina akadakia.

"Uzee huo," babu akasema.

Hofu haikumtoka Mama. Miezi miwili alihesabu mateke yangu. Nikitulia kidogo tu, jasho linamtoka. Siku ya kuzaliwa kwangu babu alisimama nje ya nyumba tangu alfajiri, hataki kiti, hataki uji. Wanawake walipotoka akauliza jambo moja tu.

"Analia?"

"Analia, baba."

Babu akaketi palepale kwenye matope.